Kisa cha Olivier de Clisson: utii uliopimwa kwa ngome na vikombozi

Mwishoni mwa Juni 1387, Jean wa Nne, mtemi wa Bretagne, nchi ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, aliwakusanya makabaila wa nchi yake mjini Vannes. Miongoni mwa wageni alikuwamo Olivier de Clisson, amiri wa majeshi ya mfalme wa Ufaransa, mwenye umri wa miaka 51 na jicho moja. Huko Tréguier, pwani ya kaskazini, merikebu alizozikusanya zilikuwa zikingoja kuvusha jeshi kwenda kuishambulia Uingereza. Baada ya karamu mtemi alimwomba aitazame ngome ya l'Hermine, iliyokuwa bado inajengwa, akidai kwamba hakuna mtu Bretagne aliyeijua kazi ya mawe kumshinda. Clisson akapanda mnara. Mtemi akabaki chini akizungumza na Guy de Laval, ambaye alikuwa shemeji yake Clisson. Mara watu wenye silaha wakatoka vyumbani, mlango ukafungwa, amiri akatiwa pingu.

Mtemi alitaka afe usiku uleule. Mapokeo ya Wabretoni yanasema ofisa aitwaye Bazvalan aliamriwa amtie Clisson ndani ya gunia na kumtosa majini, naye akachelewesha kwa makusudi, na kulipokucha bwana wake alikuwa amekwisha kujuta. Waandishi wengine wa zama zile wanampa sifa Laval, aliyembembeleza mtemi usiku kucha. Kwa vyovyote vile, asubuhi hapakuwa tena na mazungumzo ya kifo bali ya bei, na bei ilipatikana: faranga 100,000, pamoja na ngome kadhaa, zikiwamo Josselin, Lamballe, Broons na Jugon.

Watu hawa wawili walilelewa pamoja Uingereza. Miaka 23 kabla ya hapo, Clisson alilipoteza jicho lake katika vita vilivyompa Jean wa Nne huo utemi. Simulizi nyingi zinamaliza jambo hili kwa neno moja: wengine humwita msaliti, wengine humwita mzalendo wa Ufaransa. Hakuna jina kati ya hayo linalokaa sawasawa ukipanga tarehe mstari mmoja. Kinachoeleza mabadiliko yake ni nani alimwahidi ngome ipi, nani alishika mateka gani, na fidia ililipwa na nani.

Kwanza, kiapo chenyewe. Katika ukabaila wa karne ya 14 mtu hakuwa na nchi kwa maana tunayoijua sisi. Alikuwa mtu wa bwana fulani kwa sababu ya ardhi fulani. Alipiga magoti kichwa wazi, bila mkanda wala upanga, akaweka viganja vyake vilivyokutanishwa kati ya viganja vya bwana, akatamka kwamba yeye ni mtu wake kwa ardhi ile. Bwana akambusu, kisha kiapo kikafuata juu ya Injili au masalia ya watakatifu. Toka hapo alidaiwa huduma ya kijeshi, ushauri, na mchango wa fedha katika nyakati maalumu, mmojawapo ukiwa ni pale bwana anapotekwa na kuhitaji kukombolewa. Bwana naye alidaiwa ulinzi na haki. Akinyima haki, mtu wake aliweza kumrudishia kiapo hadharani, na jambo hilo halikuhesabiwa uhaini.

Tatizo huanza pale mtu anapokuwa na ardhi chini ya mabwana wawili. Clisson aliirithi ngome ya Clisson, mpakani mwa Bretagne na Poitou, na ile ya Blain, kaskazini ya Nantes. Kwa hizo bwana wake alikuwa mtemi. Kwa upande wa mama, ukoo wa Belleville, alidai ardhi za Poitou, na kwa hizo bwana alikuwa mfalme wa Ufaransa, mpaka mkataba wa Brétigny wa 1360 ulipoikabidhi Poitou kwa Waingereza. Kwa hiyo tangu ujana wake ilimpasa kutazama pande tatu kwa wakati mmoja.

Tena alikuwa amekwisha kuona utii ukipimwa kwa fedha. Mtemi Jean wa Tatu alipofariki mwaka 1341 bila mtoto, urithi uligombewa na mpwa wake Jeanne de Penthièvre, aliyeolewa na Charles de Blois na kuungwa mkono na Ufaransa, dhidi ya ndugu yake wa baba, Jean de Montfort, aliyeungwa mkono na Uingereza. Baba yake Clisson, naye akiitwa Olivier, alikuwa upande wa Charles. Aliulinda mji wa Vannes mwaka 1342, akatekwa na Waingereza, kisha akaachiwa kwa kubadilishwa na Ralph de Stafford pamoja na fedha kidogo. Kidogo mno, walisema watu wa Paris. Mateka mwingine aliyekamatwa pamoja naye alibaki kifungoni, na kabaila tajiri anayetoka kwa bei ya kutupa huonekana amelipa kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata alipokwenda Paris kwenye mashindano ya mikuki alikamatwa, na tarehe 2 Agosti 1343 akakatwa kichwa. Kiwiliwili kilitundikwa Montfaucon, penye miti ya kunyongea ya Paris, kichwa kikapelekwa Nantes kikatundikwe mlangoni. Ardhi zikataifishwa. Mjane wake, Jeanne de Belleville, alichukua silaha dhidi ya mfalme baharini na nchi kavu, ingawa habari za merikebu nyeusi zenye tanga jekundu ni mapambo ya baadaye. Alikimbilia Uingereza, akaolewa na Walter Bentley, nahodha wa Kiingereza aliyehudumu Bretagne. Mtoto, aliyekuwa na miaka saba babake alipouawa, akakulia katika jumba la Edward wa Tatu, mfalme wa Uingereza, pamoja na mtoto wa Montfort, ndiye Jean wa Nne wa baadaye.

Basi utii wake wa kwanza haukuwa chaguo lake. Alipokea upande kama mtu anavyopokea jina la ukoo.

Auray, na jirani asiyetakiwa

Tarehe 29 Septemba 1364, majeshi ya pande mbili yalikutana chini ya Auray. Upande wa Montfort uliongozwa na Mwingereza John Chandos, aliyegawa watu katika vikosi vitatu na kuweka cha nne nyuma kama akiba, jambo lililoamua siku ile. Clisson aliongoza kimojawapo cha vikosi vya mbele, akakabiliana na kabaila wa Auxerre, akajeruhiwa jicho na kuendelea kupigana kwa shoka. Charles de Blois aliuawa, jemadari wake Bertrand du Guesclin akatekwa, na vita vya miaka 23 vikaisha. Mkataba wa Guérande, tarehe 12 Aprili 1365, ulimtambua Jean wa Nne kuwa mtemi. Ukoo wa Penthièvre uliachiwa ardhi zake za kaskazini, pamoja na kifungu ambacho watu hukisoma haraka mno: ukoo wa Montfort ukikosa mrithi wa kiume, utemi utarudi kwa Penthièvre. Kifungu hiki ndicho kilichompandisha Clisson mnara wa l'Hermine.

Wakati wa kugawa zawadi, Clisson aliomba ngome na msitu wa Gâvre, ulio mlangoni mwa Blain. Mtemi akajibu kwamba amekwisha kumpa Chandos. Mapokeo yanasema Clisson aliapa kwamba ni heri kwenda kwa shetani kuliko kuwa na Mwingereza jirani, akaichoma Gâvre na kusomba mawe yake hadi Blain kuimarishia ngome yake. Hapa ndipo wasimuliaji wengi huweka mgeuko wake: kanyimwa msitu, kahama.

Tarehe hazikubali. Mwaka 1366 bado alikuwa mjumbe wa mtemi kwa Charles wa Tano, mfalme wa Ufaransa, mjini Paris. Tarehe 3 Aprili 1367 alipigana Nájera, nchini Kastilia, upande wa mwana wa mfalme wa Uingereza, bega kwa bega na watu wa Chandos. Hasira ya Gâvre ilikuwapo, lakini ardhi za mama yake zilikuwa chini ya mwana huyohuyo wa mfalme, aliyetawala Aquitaine na Poitou. Mtu hamrushii mawe anayeshika hati yake. Mgeuko ulingoja hadi vita vya Ufaransa na Uingereza vilipoanza upya mwaka 1369 na Charles wa Tano akawa na kitu cha kutoa. Mwaka 1370 Clisson alijipatia Josselin, ngome ya mto Oust katikati ya Bretagne, kwa kubadilishana na ardhi ya Normandie. Mali iliyokuwa ya ukoo wa kifalme wa Ufaransa ikawa yake, tena ndani kabisa ya utemi. Ukiitazama ramani, hilo lina uzito kuliko msitu wowote.

Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, huko Pontorson, alikula udugu wa silaha na du Guesclin, yuleyule aliyetekwa Auray, ambaye mwezi huo alikuwa amefanywa amiri wa majeshi ya Ufaransa. Hati yao ni ya kibiashara waziwazi: kila mmoja atamsaidia mwenzake dhidi ya watu wote wanaoweza kuishi na kufa, na faida yote ya mateka na ardhi zitakazotekwa itagawanywa nusu kwa nusu. Wanaotolewa katika ahadi hiyo ni mfalme wa Ufaransa, ndugu zake, kabaila wa Rohan, na mabwana wengine ambao wawili hao wanashika ardhi zao. Maneno haya ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Mtemi wa Bretagne hakutajwa kwa jina, lakini kwa ardhi za Clisson na Blain yumo. Kisheria, basi, Clisson hakuwa amemkana mtemi. Aliuacha mlango wazi kwa upana wa kidole.

Mtemi mwenyewe hakuwa safi. Alimwapia mfalme wa Ufaransa Desemba 1366, na mwaka 1372 akafanya mapatano na Uingereza. Aprili 1373 makabaila wake walimkimbiza hadi akavuka bahari. Anayemhesabu Clisson kuwa kigeugeu amhesabu na bwana wake pia.

Mahali ambapo hesabu ya fedha haitoshi

Katika miaka hii Clisson alipata jina la "Mchinjaji". Mwaka 1372, baada ya ngome ya Benon kuchukuliwa, inasimuliwa kwamba aliomba apewe wafungwa wa Kiingereza, akasimama mlangoni na shoka na kuwapiga vichwa mmoja baada ya mwingine, watu 15, kulipiza kisasi cha mtumishi wake wa silaha aliyeuawa. Kimaadili hakuna la kueleza. Kiuchumi lakini ni ajabu, kwani mfungwa hai alikuwa fedha, na kwa hati ya Pontorson nusu ya fedha hizo ilikuwa ya du Guesclin. Kuua wafungwa kulikuwa kutupa mali, na kuliwaambia Waingereza kwamba hakuna atakayejisalimisha kwake na kukombolewa. Chuki yake kwa watu waliomlea ilikuwa ya kweli. Ila ilipata uhuru baada tu ya Poitou kuanza kurudi mikononi mwa Ufaransa.

Kipimo kigumu zaidi kilikuja Desemba 1378, Charles wa Tano alipotangaza kuutwaa utemi uwe mali ya taji. Makabaila wa Bretagne, wakiwamo waliompigania Charles de Blois maisha yao yote, waliunda umoja Aprili 1379 na kumwita Jean wa Nne arudi. Alishuka pwani tarehe 3 Agosti akapokewa kwa shangwe, na hata Jeanne de Penthièvre alikuwa upande wa kurudi kwake. Clisson akabaki na mfalme. Huu ndio wakati pekee ambapo Wabretoni walisimama karibu wote pamoja, naye hakuwamo. Wanaomtafutia uzalendo wa Kibretoni hawaupati hapa, na uzalendo wa Kifaransa kwa mtu wa aina hii ni neno lililovaliwa kabla ya wakati wake. Alibaki alikokuwa na cheo mbele yake: du Guesclin alifariki Julai 1380, mfalme Septemba, na kabla mwaka haujaisha Clisson alikuwa amiri wa majeshi ya mfalme mpya, Charles wa Sita, mtoto aliyerithi taji akiwa na miaka kumi na mmoja. Novemba 1382 aliongoza ushindi wa Roosebeke dhidi ya Waflandri. Wakati huo alikuwa pia mkopeshaji wa wakuu, jambo linalomfanya mtu aheshimiwe na kuchukiwa kwa kiasi kilekile.

Mateka wa miaka 31

Turudi kwenye mnara. Charles de Blois alipotekwa La Roche-Derrien mwaka 1347, aliachiwa mwaka 1356 kwa ahadi ya fidia kubwa ambayo haikukamilika kulipwa, na wanawe wawili, Jean na Guy, wakabaki Uingereza kama rehani. Baba alikufa Auray, deni likabaki, na mwaka 1387 Jean de Penthièvre alikuwa bado kifungoni.

Sasa soma tena kile kifungu cha Guérande. Jean wa Nne alioa kwa mara ya tatu, Jeanne de Navarre, mwaka 1386, na hadi Juni 1387 hakuwa na mtoto. Akifa hivyo, mrithi ni huyo mfungwa. Clisson alikuwa na mabinti wawili na hakuwa na mtoto wa kiume. Akaanza kujadiliana na Robert de Vere, kipenzi wa Richard wa Pili, mfalme wa Uingereza, aliyepewa haki ya fidia ya Jean de Penthièvre. Bei ikawa faranga 120,000: 60,000 mateka atakapofikishwa Boulogne, na nyingine 60,000 baadaye. Jean akishakombolewa angemwoa Marguerite, mmoja wa mabinti hao.

Yaani mtu aliyetoa jicho lake kuizima haki ya Penthièvre alikuwa anainunua. Mtemi alipoupata ujumbe huo aliona mjukuu wa Clisson kwenye kiti chake, na ndipo mwaliko wa Vannes ukatumwa. Kwamba mtego huo uliivunja pia safari ya kuishambulia Uingereza lilikuwa jambo lililowafaa Waingereza mno, ila sababu ya nyumbani inatosha yenyewe.

Kosa la mtemi lilikuwa kusimama katikati. Kumuua amiri wa mfalme kungeleta jeshi la Ufaransa. Kutomshika kabisa kungemwacha anunue mrithi. Kumshika, kumpiga fidia na kumwachia ni njia iliyounganisha hasara za zote mbili. Clisson alitoka hai, akapanda farasi hadi Paris na kudai haki kwa mfalme. Tarehe 20 Januari 1388 binti yake aliolewa na Jean de Penthièvre huko Moncontour, na mwaka huohuo mfalme akaamuru ngome na fedha zirudishwe. Mtemi alibaki na adui aliyekuwa na sababu mbili za uadui badala ya moja.

Mwaka uliofuata, Desemba 1389, Jeanne de Navarre alimzaa mtoto wa kiume. Mpango mzima wa Clisson uliharibika kwa kilio cha kitoto kichanga, na hakuna ngome wala faranga iliyoweza kurekebisha hilo.

Paris nako hakukuwa salama. Usiku wa 13 Juni 1392, akitoka kwenye sherehe ya mfalme, alivamiwa mtaa wa Culture-Sainte-Catherine na kabaila Pierre de Craon na wapanda farasi wake. Alianguka kutoka juu ya farasi dhidi ya mlango wa mwoka mikate uliokuwa haukufungwa vizuri, akaangukia ndani, na wauaji wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Craon alikimbilia Sablé, kisha kwa mtemi wa Bretagne. Mfalme akaondoka na jeshi kwenda kumdai. Tarehe 5 Agosti, katika msitu karibu na Le Mans, Charles wa Sita alishikwa na wazimu na kuwaua watu wake mwenyewe kabla hajakamatwa. Ami za mfalme, Berry na Bourgogne, walishika madaraka, na wasia ambao Clisson aliuandika akiwa majeruhi ulikuwa umewafikia masikioni: mali isiyo ardhi, ilisemwa, ilifika faranga 1,700,000. Kabla mwaka haujaisha alihukumiwa faini ya marki 100,000 za fedha, akavuliwa cheo na kufukuzwa katika ufalme.

Hapo ndipo thamani ya Josselin ilipoonekana. Aliyenyang'anywa kila kitu na Paris alikuwa bado na kuta ndani ya Bretagne, na ngome za kaskazini za mkwewe, na kwa takriban miaka mitatu alipigana na mtemi bila mshindi, Josselin ikizingirwa huku, kanisa kuu la Saint-Brieuc kule. Jean wa Nne ndiye aliyechoka kwanza. Alimwita Clisson kwenye mazungumzo, Clisson (nani angemlaumu?) akadai rehani, na mtemi akampelekea mwanawe mwenyewe, yule mtoto wa 1389. Clisson aliingia naye kwa mtemi na kumrudisha. Amani ilifungwa Aucfer, karibu na Redon, tarehe 19 Oktoba 1395.

Mtemi alifariki tarehe 1 Novemba 1399 akiacha watoto wadogo. Mapokeo yanasema Marguerite alimjia babake kumwambia kwamba sasa ni rahisi kuwaondoa watoto hao na kumpa mumewe utemi, na mzee akamfukuza kwa hasira hata akaanguka ngazini na kuvunjika mguu. Liwe kweli lisiwe, Clisson hakuwagusa watoto. Amani ya Aucfer ilikuwa imemwachia ngome zake, na hakuna tena aliyekuwa anamnyima kitu. Alifia Josselin tarehe 23 Aprili 1407, siku aliyotimiza miaka 71, akazikwa katika kanisa la Notre-Dame-du-Roncier mjini humo.

Marguerite hakuridhika. Tarehe 13 Februari 1420 yeye na wanawe walimvuta mtemi kijana, Jean wa Tano, katika mtego karibu na Champtoceaux na kumfunga. Ulikuwa mtego wa l'Hermine kwa watu wengine, na kosa likawa lilelile: walimshika bila kuamua wamfanye nini. Makabaila waliinuka kumtetea, akaachiwa Julai, Champtoceaux ikabomolewa na ardhi za Penthièvre zikataifishwa. Mwana mdogo, Guillaume, aliyetolewa kama rehani ya ndugu zake, alikaa kifungoni miaka 28. Josselin haikuguswa. Katika mgawo wa urithi ilikuwa imekwenda kwa binti mwingine, Béatrix, mke wa Alain de Rohan, asiyekuwa na dai lolote juu ya utemi, na ukoo wa Rohan unaishika hata leo.